Kifuniko cha Kulia

Jumamosi ya pili ya Septemba, saa moja kamili asubuhi, Mzee Gotthilf Häberle alifungua mlango wa gereji yake akiwa na kitambaa laini mkononi, tayari kulifuta gari lake kwa ajili ya harusi. Gari halikuwepo. Blanketi lililokuwa likilifunika lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na kuwekwa juu ya meza ya vyuma.

Hakupiga kelele. Sisi Waswabia, watu wa kusini mwa Ujerumani, hatupigi kelele kabla ya kahawa. Alirudi ndani, akavaa kifaa chake cha masikio, akapiga simu polisi.

Sajini Roswitha Kälble alifika saa moja na robo kwa baiskeli. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mitatu, mpole wa sauti, mgumu wa kudanganyika. Baba yake alikuwa amepaka rangi magari katika kiwanda kilekile cha Zuffenhausen alikostaafia Häberle, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo.

"Mara ya mwisho umeliona lini, Mzee?"

"Jana jioni, saa moja na nusu. Nikalifunika, nikaliambia lala salama."

"Ukaliambia?"

"Kwani wewe la kwako huliambii?"

"Mimi nina baiskeli, Mzee. Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwenye gari. Mlango wa gereji sifungi. Nani aibe hapa? Hapa ni kwetu."

Sajini aliandika. Gari lenyewe alilijua, kama kila mtu mtaani alivyolijua: Porsche 911 ya mwaka 1972, rangi ya chungwa, iliyotoka kiwanda hichohicho. Mwaka ule Häberle alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, na injini ya gari lile aliiunda yeye mwenyewe, kuanzia bolti ya kwanza hadi ya mwisho. Aliandika namba yake kwenye daftari. Gari likauzwa, likapotea duniani, na yeye akaisaka injini yake kwa miaka saba mpaka akaikuta kwa daktari wa meno kule Ulm, limbukeni aliyekuwa akiliacha gari kwenye mvua. Akalinunua. Tangu siku ile hapakuwa na mtu mwingine aliyeshika usukani wake. Si marehemu mkewe, si mwanawe, wala si dada yake Hannelore, ambaye aliishi naye na kupanda naye kila Jumapili, kiti cha kulia, cha abiria, maana kwetu dereva huketi kushoto.

Leo saa nane mchana gari lile lilikuwa limpeleke kanisani mjukuu wake, Friederike, ambaye wote tunamwita Rike. Mzee alikuwa amemwahidi mkewe hivyo, mkewe akiwa kitandani pake pa mwisho.

"Na ninakwambia mapema," Mzee akasema, kidole juu. "Kama ni yule Mbaden, harusi hakuna. Rike mkono wangu simpi."

Yule Mbaden alikuwa bwana harusi, Lorenz Zöller, mzaliwa wa Karlsruhe. Kati ya watu wa Baden, majirani zetu, na sisi kuna utani mkongwe kuliko magari yote, na kama utani wote mkongwe, una siku unapouma. Lorenz alikuwa mhandisi wa magari ya umeme, na Pasaka iliyopita aliliita gari la Mzee jiko la mafuta lenye magurudumu. Rike naye alikuwa ameshaapa mbele ya ukoo mzima kwamba haingii kanisani bila kushikwa mkono na babu yake. Ndiyo kusema, gari lisipopatikana, au likipatikana mahali pabaya, kulikuwa na watu wawili wanaopendana ambao wangekula saladi ya viazi ya harusi bila harusi.

Sajini alitoka uani. Ua ulikuwa wa nyumba mbili, ya Häberle na ya jirani yake Pfleiderer, na ulikuwa na mteremko hadi barabarani. Alitazama chini kwa muda mrefu. Juu ya ua ulisimama mtufaha uliokuwa ukidondosha majani usiku kucha, na chini yake hapakuwa na jani hata moja. Mistari ya ufagio ilionekana mpaka ukingoni, mibichi ya alfajiri hiyo.

Kwenye mlango wa Pfleiderer kilining'inia kibao cha zamu ya kufagia, ambacho kila wiki huhamia kwa jirani mwenye zamu.

Mlango ule ukafunguliwa. Eugen Pfleiderer alikuwa na miaka sabini na karibu mita mbili kwenda juu. Naye alikuwa na gari la aina ileile, ila la kwake lilikuwa vipandevipande ndani ya maboksi tangu mwaka 1994. Kwa miaka thelathini alikuwa akimwomba Häberle amuuzie la kwake, na kwa miaka thelathini alikuwa akijibiwa kwa neno moja.

"Bwana Pfleiderer, gari la jirani yako limeibiwa."

"Nimesikia. Pole yake. Mimi nililala. Muulize mke wangu, nakoroma."

"Anakoroma," Häberle akathibitisha kwa uchungu. "Hata nikivua kifaa cha masikio."

"Na ua umefagia saa ngapi?"

Pfleiderer alitazama chini kwa mara ya kwanza. Uso ukabadilika rangi.

"Nani amefagia hapa?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nafagia saa tatu! Saa tatu kamili, kila Jumamosi ya zamu yangu, miaka yote! Kibao kiko wapi? Kiko kwangu! Nani amethubutu kufagia zamu yangu?"

"Bwana Pfleiderer, nachunguza wizi wa gari."

"Gari ni gari! Hii ni dharau!"

Sajini aliandika maneno hayo kama yalivyo, na ndani ya moyo wake akapiga mstari chini yake. Mwizi wa kutoka mbali hafagii. Aliyefagia alitaka kuficha alama za matairi kwenye majani, ili isijulikane gari limekata kulia au kushoto. Na alijua ufagio unakaa wapi, maana alikuwa ameurudisha kwenye msumari wake.

Saa mbili kamili Lorenz aliletwa na Rike, aliyekuwa amemshika mkono na macho yake mekundu. Wakakaa jikoni. Bi Hannelore, dada wa Mzee, mwanamke mdogo wa miaka sabini na mitatu, alikuwa akichanganya saladi ya viazi ya watu themanini. Aliweka mwiko chini, akawamiminia kahawa kwa mkono wa kushoto, na hakumwaga tone. Karibu na mlango viatu vyake vilikuwa vikikauka, vimeoshwa.

"Bwana Zöller," Sajini akaanza, "kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

Lorenz alimtazama Rike, akamtazama Mzee, akatazama kahawa.

"Nilitoka kidogo."

"Kwenda?"

"Siwezi kusema. Siyo kwa sasa."

"Unaona!" Mzee akapiga meza. "Unaona, Rike? Nilisema mimi!"

"Babu, tafadhali!"

"Jiko la mafuta, eh? Umelipeleka wapi jiko langu?"

"Mzee, naapa sijaligusa."

"Kuapa kwa Mbaden!"

"Gotthilf, acha," akasema Bi Hannelore taratibu, mgongo umewageukia.

Sajini alikuwa anatazama vidole vya Lorenz vikiwa vimekumbatia kikombe. Pembeni mwa kucha palikuwa na weupe uliokauka. Akaandika: *unga*.

"Na wewe, Bi Hannelore, hukusikia lolote?"

"Kwa umri wangu, Sajini, mtu husikia anachotaka. Ongeza kahawa?"

Saa nne na dakika kumi simu ya Sajini ililia. Mkulima mmoja wa zabibu alikuwa amefungua banda la kukamulia, chini ya mashamba ya mizabibu, kilomita tatu kutoka pale, akakuta mgeni wa rangi ya chungwa kati ya mapipa.

Walikwenda wote wanne: Sajini, Mzee, Lorenz, na Pfleiderer ambaye hakualikwa. Mzee alilizunguka gari akilipapasa milango kama mtu anayempapasa mtoto aliyeanguka. Hakuna mkwaruzo. Ufunguo ulikuwa mahali pake, upande wa kushoto wa usukani, ambako magari yale huwekewa ufunguo. Mshale wa kupima petroli ulikuwa umelala chini kabisa. Ndani, mbele ya kiti cha abiria, kulikuwa na dumu dogo, lile la mashine ya kukatia nyasi ya nyumbani kwa Häberle.

"Tangi lilikuwa na kiasi gani jana?" Sajini akauliza.

"Kidogo tu. Nilitaka kujaza leo asubuhi, petroli mbichi, kwa heshima ya bibi harusi."

"Huo mchirizi ni wa nini?"

Alikuwa anaonyesha ubavu wa kulia wa gari, nyuma ya mlango. Pale palikuwa na kifuniko kidogo, na chini yake rangi ya chungwa ilikuwa na mchirizi mweusi uliokaukia. Mzee alifungua kifuniko, akainama, akanusa. Akamshika Lorenz begani.

"Petroli," Mzee akanong'ona. "Kuna mtu amemimina petroli kwenye oili yangu."

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo kesi ilipofunguka yenyewe. Injini ya gari lile iko nyuma, inapozwa kwa upepo na oili, haina maji, na oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni. Mwaka ule mmoja, 1972, wahandisi waliweka mdomo wa tangi hilo nje, ubavuni kulia, ili dereva asihangaike. Wazo zuri. Ila wahudumu wa vituo vya mafuta walikuwa wakiona kifuniko ubavuni, wanachomeka bomba la petroli bila kuuliza. Mwaka uliofuata kifuniko kikarudi ndani. Mdomo wa petroli wenyewe uko mbele, kushoto, juu ya gurudumu.

"Nani angefanya ujinga huu?" Mzee akalia.

Pfleiderer alikuwa amejishika kifua. "Usinitazame mimi, Roswitha! Petroli kwenye oili? Mimi? Bora unifunge kwa wizi kuliko kunisingizia hilo!"

"Nakuamini," Sajini akasema. "Wewe bolti zake zote unazijua. Na Bwana Zöller?"

"Mimi nilijaza gari hili mwezi wa saba," akasema Lorenz. "Mzee alinifundisha. Mbele, kushoto. Nikajimwagia viatu, akanitukana kutoka kituoni mpaka nyumbani."

Mzee akatazama viatu vya Lorenz. "Ni kweli," akasema. "Viatu vya kahawia. Nilimtukana sana."

"Basi na unga ulio kwenye kucha tuusikie," Sajini akasema. "Maana ninyi wawili mkiendelea hivi, saa nane itatukuta hapa."

Lorenz akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mzee alisema hakuna Mbaden aliyewahi kukunja brezeli, ule mkate wa fundo, ikasimama. Kwa hiyo wiki tatu sasa, kila alfajiri, naenda kwa mwokaji wa mtaa wa kanisa. Leo nimekunja mia moja na sitini. Za harusi. Ilikuwa iwe siri mpaka mezani."

"Mia moja na sitini?"

"Kumi zimeanguka."

Mzee Häberle alivua kofia yake. Hakusema samahani, sisi hatuna haraka hiyo, lakini alimpiga Lorenz begani mara mbili, na pigo la pili lilikuwa polepole kuliko la kwanza.

Sajini alikuwa ameshafungua mlango wa dereva na kupiga magoti.

"Mzee, mshono wa kiti hiki uliachia lini?"

"Tangu Aprili. Pale ukingoni. Sikutaka mafundi wa siku hizi wakiguse."

"Haujaachia."

Wote wakainama. Mshono ulikuwa umefungwa, uzi mpya, mweusi, mishono midogo iliyobana. Sajini akasogeza tochi ya simu. Mishono mipya ilikuwa imelalia kushoto. Na ile ya zamani, iliyotoka na kiti kiwandani zaidi ya nusu karne iliyopita, ilikuwa imelalia kushoto vilevile.

Akasimama, akapangusa magoti. Saa nne na dakika arobaini. Akampigia simu Rike: "Mlete Bi Hannelore. Mwambie aache saladi, viazi haviibiwi."

Bi Hannelore aliingia bandani akiwa bado na aproni, mkoba wake umebanwa kwapani. Rike alikuwa nyuma yake na nywele za bibi harusi nusu zimefungwa. Sajini hakumhoji papo hapo. Alizungumza kwa sauti ileile ya upole, kama anayesoma orodha.

"Aliyefagia ua ni mtu wa uani, na si Bwana Pfleiderer, maana angesubiri saa tatu hata nyumba ikiwaka moto. Aliyelitoa gari alijua Mzee halali na kifaa cha masikio, na alijua ua una mteremko: ukiachia breki, linateremka lenyewe mpaka barabarani. Aliyekunja blanketi ana adabu. Aliyemimina petroli pale kulia hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa na hakika. Sasa niambieni, nani anaweza kuwa na hakika ya jambo lisilo kweli?"

Sajini akajijibu mwenyewe.

"Mtu aliyeliona kila Jumapili kwa miaka arobaini na tano. Kila wakisimama kituoni, Mzee hushuka. Kwanza hujaza petroli mbele, upande wake, mgongo wake ukiuziba mdomo. Halafu huja upande wa pili, hufungua kifuniko hiki, hupima oili, huongeza kidogo. Anayekaa kiti cha kulia na kuambiwa asishuke, huona nini kwenye kioo chake? Huona kaka yake kituoni, akifungua kifuniko cha kulia na kumimina."

Mzee aligeuka taratibu. "Hanne?"

"Na zaidi ya hapo," akamaliza Sajini, "mshono wa kiti umerudishwa na mkono uleule uliouweka. Kule kiwandani ulifanya kazi idara gani, Bi Hannelore?"

"Ya viti," akasema Bi Hannelore. "Miaka kumi na mmoja. Mishono ya kumalizia, ya mkono. Na mimi ni wa kushoto, wenzangu walikuwa wakinitania kwamba mishono yangu inatembea kinyume."

Akatoa mkoba kwapani, akatoa humo uzi mweusi na sindano iliyopinda, akaviweka juu ya pipa kama mtu anayesalimisha silaha.

"Sikwenda kuiba, kaka. Nilikwenda kushona. Nilijisemea Rike asipande gari lenye kiti kimechanika. Nikaamka saa kumi na moja kasorobo, nikakaa kwenye kiti chako, nikashona. Nikamaliza. Nikainua macho, na usukani huu hapa. Ufunguo huo hapo, kushoto, upande wa mkono wangu! Gari zima limetengenezwa kwa ajili ya mtu wa kushoto, na mimi nimeketi kulia miaka arobaini na tano!"

"Ungeniomba!"

"Nimekuomba mara sita, Gotthilf. Mwaka sabini na tisa, siku uliyolileta kutoka Ulm, nilikwambia: viti hivi ni vyangu, naujua mshono wangu kama wewe unavyoijua namba yako. Ulinijibu nini?"

Mzee alikumbuka. Ilionekana usoni.

"Ulisema kiti hakiendeshi gari," akasema Bi Hannelore. "Basi nimekuja kukuonyesha. Nimeliendesha mpaka kwenye mizabibu. Lilikuwa linaimba, kaka. Nililia kwa furaha mpaka sikuona kona. Halafu likaanza kukohoa, nikamimina lile dumu nililolibeba kutoka gereji, pakatoka povu, nikajua nimeharibu. Sikuliwasha tena. Nikalisukuma likateremka mpaka humu, nikarudi kwa miguu, nikafagia."

"Zamu yangu," Pfleiderer akasema.

"Zamu yako, Eugen. Nisamehe."

"Na ukaacha Lorenz asingiziwe?" Rike akauliza, sauti ndogo.

"Hapo ndipo ninapoona haya, mwanangu. Nilisema nitasema baada ya kahawa. Halafu baada ya viazi. Halafu baada ya vitunguu. Woga una mapishi mengi." Akamgeukia Lorenz. "Nisamehe, mwanangu."

"Bi Hannelore," akasema Lorenz, "mimi ningeliiba mapema zaidi."

Rike ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Sajini, ingawa alikuwa kazini. Mzee Häberle hakucheka. Alikuwa ameinama mlangoni, kidole kinapita juu ya mishono, ya zamani kisha mpya, ya zamani kisha mpya.

"Nilitafuta miaka saba," akasema, hamtazami mtu, "nikidhani nimepata cha kwangu. Kumbe ni chetu." Akajipangusa pua kwa kile kitambaa laini. "Kweli hukuliwasha tena?"

"Hata mara moja."

"Basi halijafa. Oili yote imwagwe, tangi lisuuzwe, chujio jipya, oili mpya, na petroli mbele, kushoto. Lakini oili ya kutosha nitaipata wapi leo?"

Kila mtu akamtazama Pfleiderer. Katika maboksi yake ya tangu 1994 kulikuwa na kila kitu ambacho injini ile iliwahi kuhitaji, na oili alikuwa akinunua mpya kila mwaka, kwa imani.

"Kwa sharti moja," akasema Pfleiderer. "Hannelore achukue zamu yangu wiki nzima, kibao kining'inie kwake, watu waone."

"Nakubali."

Sajini alifunga daftari. "Mlalamikaji, unashtaki?"

"Namshtaki nani? Gari si hili hapa? Wewe shika hili beseni."

Walifanya kazi kuanzia saa tano na nusu. Mhandisi wa umeme alilala chini ya jiko la mafuta na suruali ya harusi imekunjwa magotini, Mzee akimwita mwanangu na mpumbavu kwa zamu. Saa saba na dakika ishirini injini ilipiga mara moja, ikasita, ikakamata. Banda zima likajaa ule mlio mkavu, na Mzee akafumba macho mpaka ulipotulia sawa.

Saa nane na dakika mbili gari la rangi ya chungwa lilipanda barabara ya kanisa, na sisi tuliokuwa tumesimama pale tulipigana viwiko. Rike alikuwa kiti cha kulia, shela imemjaa mapajani. Nyuma, kwenye kile kiti ambacho wahandisi hawakukusudia mtu mzima, Mzee Häberle alikuwa amekunjwa, magoti kidevuni, mkono ule wa kumshika bibi harusi ukiwa umening'inia tayari dirishani.

"Punguza gia, Hanne," tulimsikia akisema. "Hanne, gia! Unaikaba!"

Bi Hannelore, mikono yote miwili kwenye usukani, hakugeuka.

"Nyamaza, abiria."